Kwa Shangazi, kwa Njia ya Deusi

Ndugu zangu wa mbio za asubuhi, mmeniuliza mara tatu kwenye kundi safari ya Kagera ilikuwaje, na mara zote tatu nimejibu "safi" na kidole gumba juu. Niliwadanganya. Leo nimekaa chini na kikombe cha chai, mke wangu amewachukua watoto kwenda kanisani, na nitawaeleza yote. Habari za tiketi na mizigo mtanisamehe, hazina maana. Naanzia pale nilipofunga kamba za viatu.

Kwanza mjue kwa nini nilikwenda. Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na Shangazi Kokugonza, dada wa baba yangu, nyuma ya Rubya kule Muleba. Alizaa watoto wawili, Deusi na Kemi. Deusi alinizidi miaka mitatu, tulilala kitanda kimoja, na yeye ndiye aliyenifundisha kukimbia. Baadaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kaagya, upande wa pili wa Bukoba, na kila likizo alirudi kwa mama yake kwa miguu, siku tatu, akipita njia za ziwani na za mashambani alizozitafuta mwenyewe. Alizichora kwenye daftari.

Deusi alifariki ghafla, siku ya Alhamisi. Nilipigiwa simu. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na Jumapili kulikuwa na mbio zile kubwa nilizojiandaa mwaka mzima, nanyi mnazikumbuka kwa sababu tulikuwa wote. Nilijiambia Deusi mwenyewe angetaka nikimbie. Nikakimbia, nikapiga picha na medali. Kemi aliiona ile picha, na mama yake akaiona mkononi mwa Kemi, matanga hayajaanuliwa.

Miaka miwili Shangazi hakupokea simu yangu. Mwaka huu Kemi, anayefanya kazi Mwanza, akanitumia picha za kurasa za lile daftari na maneno machache: "Kama unataka kurudi nyumbani, pita alikopita yeye. Mama sijamwambia." Basi nikaenda. Nilitaka kitu kimoja tu: Shangazi anipeleke kaburini, niweke udongo wangu kama ndugu wengine walivyoweka.

Kaagya hadi Kitendaguro

Nilipanga kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikaondoka saa tatu. Mwalimu mkuu wa shule ya Deusi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamuru, aliposikia mimi ni nani alinikalisha na kuniwekea sinia la ndizi na maharage. Nikamwambia mtu hawezi kukimbia ameshiba hivyo. Akasema, "Deusi alikuwa anakula na anakimbia. Wewe ndugu yake wa wapi?" Nikala. Akanipa na kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba, nimpelekee Shangazi.

Njia ni nyekundu na nyembamba, migomba huku na huku, chini yake mibuni. Mbele ya nyumba kahawa imeanikwa kwenye mikeka. Tumbo langu lilikuwa zito na nilikwenda polepole, nikisoma maelekezo ya Deusi kwenye simu: mkaratusi wa pili kata kushoto, kisimani usinywe, kwa mzee mwenye mbwa pita upande wa juu. Mzee alishafariki, mbwa wake bado yupo. Nilipita upande wa juu kwa kasi sana.

Mbele kidogo nikamkuta mama analima pembeni ya njia. Aliponiona akaacha jembe lianguke, akaweka mikono kichwani.

"Nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini, mtu mzima?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaliokota jembe lake na kunisindikiza kwa macho mpaka nikapotea. Jambo hilo lilitokea tena kwenye nyumba mbili zilizofuata, na mimi, mjinga wa mjini, nikaona ni kichekesho cha kuja kuwasimulia ninyi.

Jioni nilifika Kitendaguro, pembeni ya mji wa Bukoba, kwa Bi Mwajuma, mjane ambaye Deusi alikuwa akilala kwake kila likizo. Babu yake alitoka pwani kufuata biashara ya ngozi akaoa Mhaya, hivyo chai yake ina hiliki na swali la mgeni ana dini gani halimsumbui. Alinitazama nikinywa chai, akasema nina kisogo cha Deusi. Nikamsimulia vile watu walivyoshtuka njiani, nikitegemea acheke.

"Wewe umekulia huku kweli?" akaniuliza. "Hapa mzazi hapigiwi simu kuambiwa mwanawe amekufa. Simu inapigwa kwa majirani. Majirani wanamtafuta mtu, ndugu hasa, aende kwa miguu. Na yule anayekwenda hatembei. Mtu mzima akionekana anakimbia, hana ng'ombe mbele wala polisi nyuma, watu wanajua amebeba nini."

"Na Deusi je?"

"Deusi alikimbia porini na barabarani. Akikaribia kwa watu anatembea. Anaamkia, anapita, halafu huko mbele anaanza tena. Usiwatie watu presha, mwanangu."

Nikasema nimesikia. Kweli nilikuwa nimesikia.

Bukoba hadi Muhutwe, ziwa mkono wa kushoto

Siku ya pili ndiyo mngeipenda. Ziwa likiwa tulivu asubuhi linatoa harufu ya majani mabichi na samaki, na njia ya Deusi inaliacha na kulirudia, inapanda kwenye mawe, inashuka kwenye nyasi. Nilikimbia vizuri. Kila nilipoona paa la bati nilipunguza mwendo, nikatembea, nikaamkia, nikapita.

Kwenye barabara kubwa kijana wa bodaboda alinifuata taratibu kama kilometa mbili. Hatimaye akasogea karibu. "Kaka, panda. Sikutozi. Nakuona unateseka." Nikamweleza. Akaona namdharau. "Au pikipiki yangu mbaya?" Ilibidi nisimame na kuisifia ile pikipiki, magurudumu na kiti, mpaka moyo wake ukatulia akaenda zake.

Kabla ya Kemondo mvua ikashuka. Si mvua ya kupita, ni ile ya kukaa. Nikajificha kwenye banda la mama mmoja anayeuza supu ya sato, na tulikaa humo saa tatu, yeye na mimi na moshi. Supu yake ilikuwa na ndimu na pilipili, na ndizi mbili za kuchemsha zikielea. Tangu niondoke Dar sikuwa nimekula kitu kilichonifikia mwilini hivyo. Labda ndiyo maana mdomo ukafunguka. Aliponiuliza nakwenda wapi, nikamwambia yote, mpaka medali.

Aliacha kukoroga sufuria. "Mwenzio wanamfukia, wewe unakimbia?"

"Alizikwa Jumamosi. Mimi nilikimbia Jumapili."

"Ndiyo. Kwa hiyo Jumamosi ulikuwa umekaa."

Hakunitukana. Aliniongeza supu bila kuniuliza, kisha akahamisha kigoda chake akakaa upande wa pili wa moto, akawa anatazama mvua. Jamani, nimewahi kusemwa na watu wengi, lakini kile kigoda kilivyohamishwa kiliniuma kuliko maneno.

Muhutwe kupanda Kamachumu

Nilianza kupanda nguo zikiwa bado mbichi. Daftari la Deusi lilisema kuhusu kipande hiki: "Usishindane na mlima." Nilishindana nao, ukanishinda. Juu kule kuna ukungu na baridi ya kweli, na njia ya kupandia inateleza kama imepakwa sabuni. Nilianguka mara mbili, ya pili mbele ya wazee wawili waliokuwa wanarudi kutoka kilabu cha pombe ya ndizi. Walinisaidia kuinuka, wakanifuta tope kwa majani, na wakabishana wao kwa wao kama mimi ni mwanajeshi au ni mgonjwa. Wakakubaliana ni mgonjwa. Waliniongoza mpaka nyumba ya wageni wakinishika mikono kila upande, na wakamwambia mwenye nyumba asinipe chumba chenye kufuli kwa ndani.

Nililala bila kula. Nilifanya mazoezi ya maneno nitakayomwambia Shangazi. Nilianza na "nisamehe", nikaona ni fupi mno. Nikatengeneza refu, likawa la uongo.

Kamachumu hadi nyuma ya Rubya

Siku ya tatu jua lilitoka mapema. Mpaka saa tano nilikuwa nimetembea zaidi kuliko kukimbia, maana kule nyumba hazikatiki, kila kibanja, yaani nyumba na migomba yake, kinapakana na kingine, na nilikumbuka maneno ya Bi Mwajuma. Nilikuwa na adabu zote. Mjue hilo kabla hamjanihukumu.

Halafu nikafika kwenye kilima cha mwisho. Kutoka pale unaona bondeni mto mdogo, na ng'ambo yake migomba ya Shangazi, na paa lake. Kipande hicho mimi na Deusi tulikishindania kila siku ya shule. Wa mwisho kufika alichota maji ya jioni. Nikasimama pale, na miaka miwili yote ikanijia mara moja, kisha miguu ikaondoka yenyewe. Sina maelezo mengine. Nilikimbia kile kilima kama nilivyokimbia nikiwa na miaka kumi, nikilia, mdomo wazi, na sikuona nyumba wala mtu.

Watu waliniona. Walimwona Novati, mtoto aliyelelewa kwa Kokugonza, aliyeko Dar, ambaye hajaonekana miaka miwili, anashuka mbio huku analia kuelekea kwa shangazi yake. Na shangazi yake amebakiwa na mtoto mmoja, na huyo mtoto yuko mbali. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nyuma yangu majembe yalianguka moja baada ya jingine. Wanawake walijifunga kanga kiunoni. Nilipovuka mto nikasikia kilio cha kwanza, na mimi, Mungu anisamehe, nikageuka kutazama ni nani amepatwa na msiba.

Shangazi alikuwa mbele ya nyumba anachambua maharage kwenye ungo. Akainua kichwa. Aliniona mimi, akaona na watu kama ishirini nyuma yangu. Ungo ukamponyoka.

"Kemi," alisema.

Si kwa kupiga kelele. Alilitaja tu lile jina, kisha akaanguka upande, juu ya maharage.

Nilimfikia, nikampigia magoti, nikasema, "Shangazi, si Kemi, hakuna kitu, ni mimi tu!" Hakunisikia. Wanawake walishamzunguka, kilio kimejaa uwanja mzima, na kila nilivyosema "hakuna msiba" watu waliona ni mtu anayeogopa kutamka. Jirani yake wa karibu, Mama Respi, akanishika shati. "Sema basi! Alikuwa anaumwa? Gari?"

"Kemi ni mzima!"

"Umeongea naye lini?"

Juzi, nikasema. Mama Respi akaniachia shati kwa dharau. Tangu juzi mtu anaweza kufa mara ngapi?

Nikatoa simu, nikampigia Kemi. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata. Watu walikuwa wamenyamaza sasa, wote wanatazama mkono wangu, na Shangazi amefungua macho naye anatazama. Nikapiga ya tatu, haikupokewa. Na hapo, ndugu zangu, nami nikaanza kuamini. Nilihisi labda nimeuleta msiba kweli, kwamba nimekimbia na kitu nisichokijua.

Mara ya tano akapokea. "Novati, nina wateja dirishani, nini?"

Nikaweka simu sikioni kwa Shangazi. Kemi akaendelea kulalamika kule, "Haloo? Haloo? We Novati!" Shangazi alisikiliza zile kelele zote bila kujibu. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni. Kisha akasema, "Mwanangu, endelea na kazi," akanirudishia simu.

"Yesu na Maria," akasema mtu nyuma. Hakuna aliyecheka. Baadhi ya wanaume walikuwa na hasira na walikuwa na haki. Mmoja alisema nifungwe kamba nipelekwe kwa mwenyekiti.

Shangazi aliinuliwa, akakalishwa, akanywa maji. Akanitazama kuanzia viatu vyenye tope mpaka kichwani. Nilimpa shikamoo. Hakuitikia.

"Miguu hii," alisema, "niliingoja Jumamosi ile. Tulichelewesha jeneza mpaka saa kumi na moja. Nikawaambia watu ngojeni, Novati anajua kukimbia, atafika."

Yale maneno niliyoyatengeneza Kamachumu hayakuwapo tena.

"Hawa wameacha majembe, wameshalia," akaendelea. "Siwezi kuwaambia warudi hivi hivi. Simama. Waambie Jumamosi ile ulikuwa wapi."

Nikasimama. Nikawaambia kwa Kihaya, watu walionijua tangu navaa kaptula moja. Niliwaambia nilikuwa nyumbani kwangu nimepumzisha miguu kwa ajili ya mbio. Kwamba nauli nilikuwa nayo. Kwamba Deusi hakunituma nikimbie, nilijituma mwenyewe. Nilipomaliza hakuna aliyesema pole. Mzee mmoja aligeuza uso kutazama migomba. Mama Respi akaanza kuokota maharage, punje moja moja, na wanawake wengine wakainama kumsaidia.

Baada ya hapo Shangazi akanishika mkono, tukaenda nyuma ya nyumba. Kaburi la Deusi liko kati ya migomba, limejengewa saruji, limesuguliwa likang'aa. Nilikuwa nimeshachota udongo mkononi, nikabaki nao. Hakukuwa na pa kuuweka.

"Udongo haupiti tena," alisema Shangazi. "Tulijengea mwaka jana."

Nikauweka chini, pembeni, saruji inapokutana na ardhi, nikaushindilia kwa kiganja. Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Leo nimezika mtoto wa pili, halafu nikamsikia anaongea. Sina nguvu ya kukuchukia wala ya kukusamehe. Niulize kesho."

Kwa Shangazi hadi barabarani

Sikumuuliza. Asubuhi niliogopa. Nilimpa ile kahawa ya kutafuna, akaipokea, akaweka punje mbili mdomoni, akanipa mbili. Nikasema basi linapita saa nne, naomba nimuage.

Alikuwa amevaa gauni la kwenda kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Akachukua fimbo. "Viatu vyako hivyo, unaweza kutembea navyo?"

"Naweza, Shangazi."

"Basi twende. Ulivyoingia ndivyo watu watakavyokukumbuka, na mimi sitaki kila nikimwona mtu anashuka kilima kile moyo usimame."

Akanishika kiwiko. Goti lake la kushoto ni bovu, anakwenda hatua tatu anapumzika. Tulipandisha kile kilima nilichokishuka kwa dakika nne, tukatumia saa nzima na zaidi. Na hakuruka mlango hata mmoja. Kila kibanja tuliingia, akaamkia, akakaa kidogo, akaniacha niombe radhi mwenyewe, tukaondoka. Kwa Mama Respi tulipewa parachichi. Kwa yule aliyetaka nifungwe kamba hatukupewa kitu, ila alitoka nje akanipa mkono. Kila mahali Shangazi alisema vilevile: "Huyu hakuleta msiba. Alikuja kunisalimia." Nilingoja ataniita nani, akasema "huyu" mpaka juu ya kilima.

Pale juu kuna nyumba mpya, ya watu waliohamia karibuni. Dada mmoja kijana alikuwa anafagia uwanja. Hakunijua, wala ya jana hakuyaona. Alipiga goti kumwamkia Shangazi, kisha akaniangalia, na kwa heshima akauliza mgeni ni nani.

Shangazi alikuwa anahema. Aliegemea fimbo, mkono mwingine bado kwenye kiwiko changu. Nilidhani anatafuta pumzi tu.

"Ni mwanangu," alisema. "Wa kiume, aliyebaki."

Basi la saa nne tulilisikia likipita barabarani bila mimi. Yule dada akatuletea kigoda kimoja. Shangazi akakaa, mimi nikakaa chini kwenye nyasi, karibu na goti lake bovu.